Somo la Luiziana Juu ya Katoni

Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Leo nimenusa selotepu mpya kwenye mzigo wa baba, na yote yamenirudia.

Mimi na baba tulikuwa na miezi minne Guangzhou, jiji la Wachina alikokuja kufanya biashara. Sikuwa na shule, nikishinda ndani ya chumba chetu cha mtaa wa Sanyuanli kilichojaa katoni mpaka dirishani. Kesho yake ningefanya mtihani wa kuingia shule ya kimataifa. Nikifeli, nabaki humo humo.

Mwanafunzi wa chuo kutoka Dar, niliyemwita Mwalimu, alikalia katoni ya kandambili akinifundisha jinsi Marekani ilivyoinunua ardhi kubwa ya Luiziana kutoka kwa Wafaransa kwa senti chache, mwaka 1803.

"Nchi yote hiyo kwa bei ya kutupa?" baba akacheka huku akifunga mzigo. "Huyo bosi, laoban wa Kifaransa, alikuwa na haraka ya kufunga duka!"

Mimi huwa siulizi maswali. Siku hiyo sijui ujasiri niliupata wapi. "Mwalimu, na watu waliokuwa wanaishi humo, waliulizwa?"

Baba akakata selotepu. Mwalimu akafunua kitabu, akafunua tena.

"Hawakuulizwa, mdogo wangu. Lakini wewe andika kwamba nchi ilikua maradufu. Hilo ndilo jibu wanalolitaka."

"Msikilize mwalimu wako," baba akasema bila kuniangalia.

Kesho yake asubuhi, kwenye mtihani, swali lilikuja: eleza faida ya ununuzi ule. Niliandika kwamba nchi ilikua maradufu, bila neno kuhusu waliokuwa wanaishi humo, nikapiga mstari chini yake kwa rula, nikawa wa kwanza kukabidhi karatasi.