Noti ya Kobe Mnadani

Jamani, hili acha niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Mafinga.

Ninakusanya noti za zamani za visiwani, kwa ajili ya michoro yake tu. Mke wangu nilishamwapia kwamba nimeacha. Wiki iliyopita muuza duka mmoja wa Iringa akaniuzia ya Shelisheli, yenye kobe na minazi. Nikaificha kwenye bahasha ya sadaka, nikaibana ndani ya kitabu cha nyimbo ili inyooke.

Jumapili nikatumbukiza kapuni bahasha isiyo yenyewe.

Baada ya ibada, pale nje tunaponadi mayai na maboga ya sadaka, mzee wa kanisa akaiinua juu ile noti. "Hii benki hawaipokei. Nani ana elfu mbili?"

Ningeinunua nikanyamaza, yangekwisha. Lakini nilitaja elfu kumi, watu wakageuka, na mimi mwalimu nikigeukiwa lazima nifundishe. Nikawaeleza gamba la kobe lilivyochorwa mstari kwa mstari. Nikamalizia, "Aliyeitoa hakujua alichoshika. Ujinga mbaya sana."

Mzee akageuza bahasha. Kila familia ina namba yake. "Sabini na moja. Sabini na moja ni nani?"

Nikatazama maboga.

"Ni huyohuyo anayenunua, mzee," mke wangu akajibu kutoka walikosimama wanakwaya. "Hiyo namba niliiandika kwa mkono wangu."