Wino wa Kijani

Wino wa kijani ulitoka Kilimani, kwenye pipa la takataka la Mzungu mmoja, na baba ndiye aliyeuokota. Chupa ilikuwa nusu. Baba alikuwa mzoataka wa mji, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kusoma, aliuleta nyumbani kwa furaha kana kwamba ni nyama. Kwa wino huo nilimwandikia barua zake za kwenda magharibi ya nchi kwa nyanya, mama yake, naye alikaa kando akitazama herufi zikikauka. "Kama majani," alikuwa akisema.

Shuleni nilisema baba yuko ofisi ya mji. Haukuwa uongo, lakini nilijua wenzangu wataelewa nini, nikawaacha waelewe hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na maringo ya bure.

Shule yetu ilikuwa nyuma ya River Road, na kati yetu na maduka palikuwa na kichochoro. Wanajeshi wa mkoloni walipozingira mji wa Nairobi na kuwapakia wanaume wa Kikuyu kwenye malori, genge la baba la watu sita likabaki na wawili. Amri ya nyapara ilikuwa moja: Kilimani kwanza. Baba na mwenzake walianzia kwa Wazungu alfajiri, na walipofika River Road, kama walifika, mkokoteni ulikuwa umejaa na jua limeshuka. Kichochoro kikafurika maganda, matumbo ya kuku na maji meusi. Panya walipita mchana kweupe bila haraka. Sababu yake niliijua vizuri, maana baba aliieleza kila jioni akiwa ameitumbukiza miguu yake kwenye karai la maji moto.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa kutoka Mombasa. Mdogo wake wa miaka minne alishikwa na homa ya matumbo, akafa. Siku mbili baada ya mazishi rafiki yangu alirudi darasani, akakaa bila kufungua daftari. Mwalimu wetu, kijana mwenye hasira za karibu, alimtazama, kisha akatuambia kesho tuje na mafagio, majembe na vikapu.

Tulizoa siku tatu. Nilitapika mara mbili, lakini nilizoa. Tulichoma tulichoweza kuchoma, na mwenye duka mmoja akatugawia sukari guru, tukajiona watu. Wiki iliyofuata lundo lilikuwa limerudi palepale.

Ndipo mwalimu akasema tumwandikie Bwana Afya, mkubwa wa usafi wa mji. "Nani hapa ana mwandiko mzuri?" Darasa zima likanigeukia.

"Andika wewe," rafiki yangu akaniambia. "Mweleze habari ya ndugu yangu."

Kesho yake nilikuja na ile chupa ya wino wa kijani. Mwalimu alisema, mimi nikaandika. Ya yule mtoto niliyaandika kwa moyo wote. Kisha akasema, "Mzoataka wa kichochoro hiki ni mvivu, haji kazini." Kalamu ikasimama. Ningeweza kusema kwamba haji kwa sababu ametumwa Kilimani, ila wangeniuliza nimejuaje. Nikaandika mvivu. Nimetafuta visingizio miaka mingi, na sijapata hata kimoja cha kunisaidia. Nilimwonea baba yangu aibu, basi.

Baada ya siku chache, asubuhi, lori liliingia kichochoroni na wazoataka wapya. Tulikimbilia madirishani. Mwalimu alisema tumeona sasa faida ya kusoma, na darasa likapiga makofi. Nami nilipiga.

Nilimkuta baba nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nizaliwe. Alikuwa amekaa kitandani na kofia ya kazi mkononi. Mama alikuwa akikunja mablanketi.

"Wamemfukuza," mama akaniambia. "Chumba ni cha kazi, kesho kutwa tutoke. Kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kimegongwa muhuri, hawezi tena kukaa Nairobi."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Watoto wa shule wamemshtaki kwa barua. Watoto! Walaaniwe na mikono yao."

"Usilaani watoto," baba akasema. "Kuna mtoto alikufa huko. Nyapara alinisomea yote, halafu akaniwekea karatasi mbele yangu niione. Nikaiona."

Hakunitazama. Aliinama, akatoa chupa chini ya kitanda, akaifuta vumbi kwa kofia, akaiweka mezani mbele yangu. Mabaki ya wino yalikuwa yamekusanyika pembeni, kijani. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka anizabe makofi, mama ajue, yaishe. Mdomo wangu ulikataa kufunguka, kama ulivyokataa kule darasani.

"Mwandikie nyanya yako tunakuja," akasema. "Mwambie kazi imeisha. Isiseme kitu ingine."

Nikachovya kalamu. Tone likaanguka kwenye karatasi.

"Pole pole, mama," akaniambia, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Andika mzuri, kama ile ingine."

"Ingine gani?" mama akauliza.

Baba akaisogeza chupa karibu nami. Nikaandika.