Mbwa wa Chini ya Kontena

Mbwa wa barabarani hakimbizwi. Ukimkimbiza umeshamfundisha kwamba wewe ni adui, na kesho humwoni tena. Unachuchumaa pembeni, unaangalia kwingine, unamwachia vichwa vya samaki, na unakubali kwamba watu watakucheka. Mimi nimechekwa sana Kabondo, katika kartie, mtaa ninaoishi tangu nilipomaliza masomo ya kutibu mifugo. Kazi inayonilisha ni nguruwe na mbuzi wa watu. Mbwa walinijia baadaye, kwa sababu ya jike mmoja mwekundu aliyezaa chini ya kontena bovu, kando ya soko letu.

Asubuhi moja kijana wa toleka, yaani wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, aliegemeza baiskeli yake kwenye kontena hilo ili arudishe mnyororo uliochomoka. Mbwa akatoka chini na kumuuma juu kidogo ya kisigino. Watu wakamleta kwangu kwa sababu nilikuwa karibu kuliko kituo cha afya. Nikamketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaosha jeraha: maji, sabuni, maji, sabuni tena.

"Mama dokta, utanimaliza na sabuni," akasema.

"Sabuni haijaua mutu. Sasa unaenda hospitali kuomba sindano ya kichaa cha mbwa. Leo, hapana kesho."

Alienda akichechemea, rafiki yake akimsukumia baiskeli. Hawajafika hata kwenye kona, shefu, mkuu wa kartie yetu, akaingia uwanjani kwangu. Ni mzee mpole, ana sauti ya chini, na akishaamua jambo ni vigumu kumrudisha. Alikuwa ameamua kutega nyama yenye sumu soko zima.

"Bon, mama dokta," akaanza, "batoto banapita hapa kwenda masomo. Kesho mumoja akiumwa, nitamwambia nini mama yake?"

Swali lilikuwa la haki, na sikulidharau. Nilimvutia kiti.

"Papa shefu, ukimuua leo, hatutajua kama iko mugonjwa. Lakini tukimufungia pahali, mimi nikamuangalia kila siku, atatuonyesha mwenyewe. Kama iko na kichaa, hatamaliza siku kumi. Akizimaliza muzima, tunajua hakumupa ule kijana ugonjwa."

"Utamufungia wapi? Kwako hakuna hata ukuta."

Hapo alinishinda, maana parsele yangu, yaani kiwanja changu, kweli haina ukuta. Aliyenijibia alikuwa mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa anasikiliza huku akipiga cherehani. Ni wa zile familia za Kiislamu zilizofika huku kwa biashara enzi za babu wa babu zao, na kila mtu alijua hataki mbwa akaribie vitambaa vyake.

"Nyuma ya duka langu iko jiko ya zamani," akasema bila kuinua macho. "Iko na mulango na kofuli. Apite nyuma, hapana dukani, na mimi simugusi. Lakini maji nitamuwekea. Kunyima munyama maji ni zambi."

Shefu akamtazama, akanitazama, kisha akasema atangoja siku hizo ziishe.

Kumkamata hakukuwa vita. Nilitia watoto wake mmoja mmoja kwenye kikapu, macho yao bado hayajafunguka vizuri, nikatembea polepole hadi nyuma ya duka. Mama yao alinifuata akinung'unika, akaingia jikoni mwenyewe. Nikafunga mlango.

Ubaya ulitoka upande mwingine. Watu wa avenyu ya pili, barabara jirani, hawakumsubiri shefu. Mtu fulani, hadi leo simjui, alitega sumu yake, na asubuhi nikaitwa kuona mbwa waliolala mtaroni wamekauka, midomo imejaa povu. Paka wa mzee mmoja muuzaji wa jumla walikuwa wamekufa pia. Papa huyo ametoka Kivu ya Kaskazini, anauza unga na maharagwe, na si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa depo, ghala lake, ameshika paka wake ndani ya gunia.

"Huyu alikosea nani?" akaniuliza.

Nilichimba shimo refu ili nguruwe wasije wakafukua, nikazika wote pamoja. Nililia nikiwa na jembe mkononi, na sikujali nani ananiona.

Baada ya muda mfupi avenyu ile ikapata wageni. Mbwa waliokonda walitoka kwenye jalala wakashika nafasi za waliokufa, wakapigana usiku kucha, na hakuna aliyejua ni wa nani wala kama wamechanjwa. Panya nao wakatoboa magunia ya unga. Sikuhitaji kuhubiri, kila mtu aliona.

Mbwa mwekundu alikula, akanyonyesha, akanenepa. Siku kumi zilipotimia shefu alikuja kuchungulia. Kijana wa toleka naye alikuja, akasimama mbali.

"Ni huyu aliniuma?"

"Ni huyu. Alikuwa anachunga batoto yake."

Kijana akamwangalia sana. "Hata mama yangu angeuma," akasema, akarudi kutafuta abiria.

Watoto walipoacha kunyonya nilimfunga mama yao kizazi. Papa wa unga alitoa meza yake ndefu. Tulifanya kazi mchana, maana umeme wa bwawa la Tshopo hukatika unapouhitaji, na mimi sitegemei taa kushona tumbo la mnyama. Mbwa alilala kwa dawa. Shefu alisimama karibu kuliko nilivyotarajia.

"Donc, hatazaa tena?"

"Hatazaa. Na chanjo nimeshamuchoma."

Nikamkata ncha ya sikio kama alama, ili asije akakamatwa mara ya pili bure. Alipopona nilimrudisha sokoni, na hapo shefu akashtuka.

"Unamurudisha?"

"Hapa ni pake. Akikaa hapa, bale ba jalala hawaingii. Ukimutoa, unawafungulia mulango."

Alifikiri kidogo. "Alors, tufanye mbwa bote hivi," akasema.

Tulifanya. Tangazo lilisomwa kanisani na msikitini, na siku ya chanjo uwanja wa shule ulijaa mbwa waliofungwa kwa vipande vya kitenge na paka waliobebwa kwenye masufuria yenye vifuniko. Paka mmoja alinichana hadi kwenye kiwiko. Papa wa unga alichukua mbwa mdogo wa kiume na paka wawili, akawaleta wote kwa kisu changu bila kuambiwa. Wapo waliosema ninapoteza dawa kwa wanyama wakati watu wanakosa. Niliwajibu, na bado nawajibu, kwamba chanjo iliyo ndani ya mbwa ni ngao ya mtoto anayepita mbele yake. Wengine walielewa. Wengine wanangoja kuona, na wana haki.

Juzi shefu wa kartie nyingine alitufuata. Huko kwao walikuwa wameshanunua sumu. Nilifungua mdomo nianze maelezo yangu, lakini shefu wetu akaninyamazisha kwa mkono.

"Kaka, rudisha hiyo kitu kwa mwenye kukuuzia," akamwambia. "Ukiua hawa, utapokea bengine usiowajua. Hawa unawajua. Bachanje, bafungwe kizazi, bakulindie pahali. Sisi hapa tunalala vizuri."

Yule mgeni akageuka kwangu. Akauliza kama naweza kufika Jumatatu, na kama kamba za kufungia mbwa nitakuja nazo mwenyewe au wao watafute.