Nguo ya Tano

Ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa siagi ina harufu isiyosikia sabuni. Inakaa kwenye nywele, kwenye blanketi, mpaka kwenye ugali. Msimu mmoja nyumba yetu ya Endagikot ilinuka hivyo kuanzia mlangoni, na wenzangu shuleni walikuwa wakinisogelea kwa kubana pua, wakisema nimelala na mbuzi. Niliwajibu kwamba mbuzi wetu anaoga kuliko wao. Nilipigwa ngumi, nami nikairudisha. Huo ndio mwaka tulioambiwa kwamba hatuko tena Arusha, sasa tuko mkoa mpya wa Manyara. Sisi watoto tulichungulia nje tukaona ukungu uleule umekalia maharage yaleyale, lakini wakubwa walisema ni jambo la kushangilia. Ikatangazwa sherehe mjini Mbulu, na kila kijiji kitoe familia moja ya kuonyesha jinsi mababu walivyoishi: wavae ngozi, wasage mtama juu ya jiwe, wakamue ng'ombe mbele ya wageni. Kijiji chetu kilituchagua sisi kwa sababu Mama alikuwa fundi cherehani.

Fundi wa jina tu, siku zile. Mitumba ilikuwa imefurika minadani, watu wanachambua magauni ya Ulaya yaliyokwisha kushonwa, nani tena apimwe kiuno? Cherehani ya Mama ilifunikwa shuka na kuku walitaga chini yake. Kazi ya ngozi ikamwamsha. Alikwenda mpaka mnada wa Dirma, akarudi na ngozi mbichi za mbuzi na ndama zinazodondosha maji ya chumvi. Cherehani haiwezi ngozi, kwa hiyo alijifunza ushonaji upya kwa kuwauliza wazee: kuwamba kwa vigingi, kukwangua nyama, kusugua siagi kwa viganja mpaka ngozi ilainike, kutoboa kwa msharasi, kupitisha uzi wa kano la ng'ombe. Vidole vilimchanika, huku akiimba. Hatukuwa tumemsikia akiimba nyumbani tangu Veronika afe.

Veronika alikuwa dada yangu mkubwa. Homa ilimchukua ghafla, miaka miwili kabla ya msimu ninaousimulia. Zamani zetu, nyumba iliyopotelewa hivyo iliingia katika kile kinachoitwa metimani: mnakaa peke yenu, hamwingii kwa watu, hamnywi kibuyu kimoja na watu, na njia yenu ya maji ni yenu, mpaka wakati utimie, mnyolewe, mrudishwe. Lakini Baba alikuwa katekista. Alisema sisi ni watu wa Kristo, kifo tumekiacha kaburini. Tulizika Alhamisi, na Jumapili Mama alikuwa amesimama kwenye kwaya, mdomo unafunguka lakini sauti haitoki. Baada ya hapo jina la Veronika halikutajwa tena kwetu na mtu yeyote, isipokuwa majirani waliozoea kumwita Mama Veronika.

Basi Mama akatupima. Joho la begani la Baba, sketi na joho lake mwenyewe, kijivazi cha mdogo wangu Yohana, na langu. Kisha akatandika ngozi nyingine, akaniambia nishike ncha. Nikauliza ya nani. "Shika vizuri," alijibu. Hakumpima mtu. Alikata kutoka kichwani nguo ndefu kuliko yangu kwa kiganja kizima na pana nyonga. Nikaelewa. Hakuwa anamshonea Veronika tuliyemzika. Alikuwa anamshonea Veronika wa mwaka ule, aliyeongezeka urefu na kuanza kuwa mwali, kwa sababu fundi anajua kwamba watoto hukua.

Nguo ile ilitundikwa ukutani pamoja na zetu. Niliiogopa, sina haya kusema. Nilipita nikiwa nimebandika mgongo kwenye ukuta wa pili, na upepo ukiingia mlangoni niliona mabega yake yakiinuka. Yohana ndiye aliyenimaliza kabisa. Yeye alikuwa mdogo mno kumkumbuka dada yetu, jina alilisikia kwa majirani tu, lakini kila asubuhi alisimama chini ya ile nguo akasema, "Shikamoo, Vero," kisha akasubiri kidogo kabla ya kwenda kunywa uji. Baba aliwahi kumkuta. Alimgeukia Mama akasema, "Mke wangu, sisi ni wanne."

"Kuhesabu najua," Mama akajibu, akaendelea kupitisha uzi.

Siku ya mazoezi tulikwenda uwanja wa shule tumevaa ngozi zetu, Mama amebeba ya tano mkononi. Mwalimu wa mazoezi alikuwa kikongwe mmoja tuliyemwita Bibi wa Ngoma. Tukampa shikamoo, marahaba haikuja. Aliitazama ile nguo isiyo na mtu, akamtazama Mama, na kibuyu cha togwa kilichokuwa kinazungushwa kilipotufikia akakichukua. "Mlipovaa vitenge nilinyamaza," alisema. "Hayo ni mambo ya padri. Leo mmevaa ngozi, na mwenye ngozi anafuata sheria ya ngozi. Kifo cha kwenu hamjakimaliza. Mtakunywaje na watu?"

"Bibi, haya ni maigizo tu!" Baba alifoka.

"Na mtoto alikufa kwa maigizo?"

Loo! Watu wakaanza kurudi nyuma, majirani zetu hawa hawa wa kuazimana chumvi, mpaka tukabaki peke yetu katikati. Nilidhani Mama ataanguka kwa aibu. Nilipomwangalia, uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyeshushiwa mzigo wa kuni. Aligeuka akashika njia ya nyuma, ya mtoni, asipite barabara ya watu.

Tangu siku hiyo hakuivua ngozi. Hakwenda kanisani wala sokoni, alichota maji chini kabisa ya mto, na sisi watoto tukakaa naye. Majirani walituwekea kuni mpakani wakaondoka bila kuita. Baba alibaki na shati lake, kati ya kazi ya kanisa na mke wake, akijua kwamba akishika kimoja huenda akakosa kingine. Alimsihi, akamtisha, akamwombea. Mama alimwambia mara moja tu: "Nenda wewe. Mimi mwanangu sijamlilia. Niliambiwa niimbe." Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ila hawakusema wazazi wawili wataujua kwa namna moja.

Asubuhi ya sherehe lori lilipita barabarani na vigelegele, limebeba familia nyingine iliyovalishwa magunia kwa haraka. Baba alikuwa amepiga pasi shati, amesimama mlangoni. Tulisubiri atoke. Lori likapotea kwenye kona, vumbi likatua, naye bado amesimama. Kisha akaanza kufungua vifungo. Akashusha joho lake ukutani, akalifunga begani, akaketi chini kando ya Mama. "Veronika," alisema. Alilisema tena, kwa sauti iliyopasuka, akalia kilio ambacho sikujua kinaweza kutoka kwa mwanaume. Mama akakishika kichwa chake, naye akalia, hatimaye. Kilio huanza mfiwa. Chetu kilichelewa miaka miwili, lakini kilianza.

Wakati ulipotimia, Bibi wa Ngoma alikuja mwenyewe kutunyoa, akatunywesha kwenye kibuyu chake. Nguo ya tano tuliizika kando ya kaburi, Yohana akaiaga. Kanisani Baba aliwekwa pembeni kwa muda, kisha akarudishwa kimya kimya. Mama alirudi kwaya, na safari hii sauti ilitoka.

Siku hizi nguo za ngozi zinakodishwa kwa ajili ya sendofu za mabibi harusi. Wasichana wanazivaa saa mbili, wanapiga picha za simu, wanarudisha. Siwacheki, wamependeza. Mwaka jana Baba alifariki. Nilipanda basi kutoka Babati, tukamzika Jumamosi saa nane mchana, na Jumatatu nilikuwa ofisini. Kwenye kundi la simu wenzangu wa kazini walituma picha za mishumaa. Asubuhi wote walinishika mkono, pole sana, pole sana, kisha mmoja akaniuliza ripoti iko wapi. Nilipita katikati yao mpaka kwenye meza yangu, na hakuna aliyerudi nyuma kunipisha. Jamani, natamani angalau mmoja wao angeniogopa.