Nishani ya Sindeni

Nilifunga safari kwa sababu ya ubishi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, idara yetu mjini Dar es Salaam ilikuwa ikiandika sera ya nishati ya taifa. Rasimu ilikuwa na sura ya umeme, ya mafuta na ya makaa ya mawe. Nilipouliza sura ya kuni iko wapi, mkuu wangu alicheka. "Kuni ni mambo ya jikoni, ndugu yangu. Sera ni ya nchi." Nikamjibu kwamba nchi nzima inakula kwa kuni, nikaomba niende Handeni kuwasikiliza wanakijiji. Akaniruhusu, nadhani ili apumzike na mdomo wangu.

Korogwe nilishuka kwenye basi mgongo ukiniuma lakini moyo ukiwa juu. Nikanywa chai Old Korogwe, karibu na mto Pangani. Nyaya nene za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu, na chini yake mama muuza chai alikuwa akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtoka.

"Mama, umeme huu hauwafikii?"

"Unatupita tu, kama mgeni mwenye haraka."

Nikaagiza kikombe cha pili kwa furaha. Hoja yangu ilikuwa imeiva kabla ya maandazi yake.

Mchana Landrova ya wilaya ilinipeleka Sindeni, kijiji cha Handeni, kwa barabara ya vumbi jekundu. Tulipokaribia kijiji nikasikia ngoma. Nikashangaa, maana sijapata kuona mkutano wa sera ukipigiwa ngoma. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, alinipokea akiwa amemshika mkono bibi mmoja aliyevaa khanga mpya.

"Ndugu Afisa, huyu ni Bibi Mwanaidi. Ndiye tuliyemchagua. Mvalishe."

"Nimvalishe nini, mzee?"

"Nishani! Katibu kata alipigiwa simu kwamba mnaleta nishani."

Hapo nikaelewa. Neno nishati lilikuwa geni hata kwetu ofisini, na simu mbovu ikaligeuza kuwa nishani. Nikaeleza ukweli. Ngoma ikanyamaza, nami nikamwonea bibi yule huruma kuliko ninavyoweza kusema. Ili nisisimame bure, nikauliza kwa nini walimchagua yeye.

"Kila anayejifungua hapa, Bibi humletea mzigo wa kuni za kukandia," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Hakuna mzazi aliyekandwa kwa maji ya baridi."

"Yupo mmoja," Bibi akamkatiza. "Tangu tuhamie pamoja, kuni zimetukimbia. Masika haya nilichelewa kurudi kutoka porini, mtoto wa watu akakandwa kwa maji vuguvugu. Nishani nitaifanyia nini? Tupeni miche tupande hapa karibu. Na hiyo nishati yenu ni kitu gani?"

Nikamwonyesha mzigo wa kuni ulioegemezwa ukutani. "Ndiyo hii, bibi."

"Hii?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe nimeibeba maisha yangu yote, sijui jina lake!"

Ngoma ikarudi, tukala ugali kwa mlenda. Wakati wa kuaga nikampa Bibi mkono. Akaniwekea mkononi ngata yake, ule mviringo wa khanga kuukuu anaoweka kichwani chini ya mzigo.

"Mpelekee mkubwa wako. Avae kwanza, ndipo aandike."

Dar es Salaam mkuu aliniuliza nimeleta nini. Nikaiweka ngata juu ya rasimu. "Nishani," nikamwambia, kisha nikamsimulia yote. Akacheka, akaivaa kichwani kwa mzaha, na wenzetu wakaangua kicheko. Kisha nikaona ameacha kucheka.

"Mama yangu alikuwa nayo ya namna hii," akasema. "Kaandike sura yako."

Sura ikaingia, na miche ya mijohoro ikafika Sindeni. Nilijifunza kwamba sera ya nchi huanzia jikoni, hata kama wenye sera wamesahau njia ya kurudi huko. Ile ngata nilimwomba mkuu mara nyingi anirudishie. Alikataa katakata.