Bando la Masomo ya Kahawa

Mutalemwa alipomzika mkewe Deodatha, waombolezaji walikaa naye mpaka matanga yakaisha, kisha kila mmoja akarudi kwake. Kibanja chake hapa Nyabiyonza ni kikubwa, na migomba imeizunguka nyumba kiasi kwamba mtu akipita njiani unasikia tu hatua zake, humwoni. Mzee alibaki anasikia hatua za watu.

Mwanawe wa pekee, Yustus, anafanya kazi Dodoma. Alimtumia baba yake simu ya kupangusa, na kila wiki akamwekea bando.

"Tata, humo kuna mabwana shamba wanafundisha," alimwambia. "Mikahawa yetu imezeeka. Angalia wanavyoikata ili ichipue upya, nawe ufanye hivyo hivyo."

Mutalemwa aliangalia. Bwana shamba wa kwenye video alikuwa kijana nadhifu, akieleza vizuri, lakini alisema kama anayehutubia uwanja uliojaa watu. Mzee alisinzia. Alipozinduka simu ilikuwa imejiendea yenyewe kwenye kitu kingine: mwanamke mnene jikoni, mwiko mkononi, akimfokea mumewe aliyeketi.

"We mwanaume! Chakula kinapoa, unasubiri nikulishe?"

Mutalemwa alicheka peke yake hadi akakohoa. Kisha akajisogezea sahani yake ya ndizi na maharage, akala.

Tangu hapo hakula bila yule mwanamke. Aliiegemeza simu kwenye kibuyu cha rubisi, pombe yake ya ndizi, mwanamke akafoka, yeye akamjibu: "Nakula, nakula." Wakati mwingine alimwambia habari za kijijini, nani anaumwa, ng'ombe wa nani amezaa. Masomo ya kahawa hakuyafungua tena.

Yustus alipiga kila Jumapili baada ya misa. "Shikamoo Tata. Masomo yanaendeleaje?"

"Marahaba. Yanaendelea vizuri."

"Umeshaanza kukata?"

"Nimeanza, mwanangu. Safu ya huku bondeni nimeimaliza."

Hakuwa amegusa hata tawi. Lakini Yustus alifurahi, akauliza maswali mengi, na mazungumzo yakawa marefu. Basi kila Jumapili mzee akakata safu nyingine kwa mdomo.

Yustus alifika Krismasi bila kutoa taarifa. Alipitia shambani kabla ya kuingia ndani. Mutalemwa alimsikia akija, akajua kwa mwendo wake kwamba ameshaona.

"Tata, ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Naangalia vichekesho vya mama mmoja anayemfokea mumewe."

"Nakutumia bando ujifunze, wewe unaangalia vichekesho? Hivyo ni vya watoto wasio na kazi."

Mzee akasema, "Yule bwana shamba hasemi na mimi. Huyu mama anafoka kama mama yako. Siku nyingine, Yustus, jua linazama sijasikia mtu akiniambia 'wewe'."

Jioni Yustus aliomba aonyeshwe huyo mama. Waliangalia pamoja, mabega yamegusana, na Yustus hakucheka hata mara moja. Baada ya siku chache aliondoka.

Bando liliendelea kuja, kubwa kuliko la zamani. Jumapili simu ililia kama kawaida, lakini Yustus hakuuliza tena masomo. "Tata, hujambo? Unakula vizuri? Haya, jiangalie." Kwisha. Pengine alidhani anamwonea huruma baba yake. Mutalemwa alibaki ameshika simu sikioni, akitamani aulizwe kitu, hata kitu cha kumfanya aseme uongo.

Wiki moja baadaye aliazima msumeno. Alimfungua yule kijana nadhifu, akamsikiliza mpaka mwisho, akashuka bondeni. Aliukata mkahawa wa kwanza usawa wa goti, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasituame. Miti ile alikuwa ameipanda na Deodatha. Safu ilipokwisha alimpigia Yustus siku ya kazi.

"Tata, kuna shida?"

"Hakuna. Nimekata safu ya bondeni. Kweli, safari hii."

"Vizuri sana, Tata. Niko kikaoni, nitakupigia."

Jioni hakupiga. Alipiga Jumapili, akauliza kama anakula vizuri.

Mvua za masika ziliponyesha, visiki vikatoa machipukizi mengi. Jirani yake, Theoneste, aliyapita akasimama. "Mzee, shikamoo. Na mimi mikahawa yangu imechoka. Ungekuja unionyeshe?"

Alienda asubuhi iliyofuata. Kwa Theoneste kulikuwa na watoto, kuku na kelele, na mkewe Speciose alishateleka chai. Mutalemwa alishika msumeno akaeleza pa kukata. Ni jambo la dakika chache. Yeye alilieleza taratibu, akarudia, akaenda kwenye mti wa pili akalieleza upya, na Theoneste, ambaye alikuwa ameshaelewa, akaendelea kuitikia, "Ndiyo, mzee."