Karatasi ya Mama Maganda

Mtaa mzima tulimwita Mama Maganda, na yeye hakuona vibaya. Alikuwa akirudi kutoka sokoni na ndoo ya maganda ya kamba waliyotupa wauza samaki, akayachemsha uani kwa magadi makali, akayasuuza, akayaanika, akayasaga. Unga ule aliuyeyusha kwenye siki mpaka ukawa kama uji mwepesi, kisha akaupaka kwa brashi juu ya karatasi za kufungia mikate. Ukikauka, alisema, ukungu hauthubutu kusogea. Harufu ya siku za kuchemsha siisimulii. Mimi ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta.

Aliianza kazi hiyo alipofiwa na mumewe, wakati hali chakula wala hasemi na mtu. Mdogo wake, mwoka mikate, aliyeishi naye pamoja na mama yao, akawa anampa mikate ya kujaribia. Mkate wa dukani Mama Maganda aliukataa katakata, eti hujui umetiwa nini. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, akabaki na mikate ya mdogo wake tu. Juma zima mkate ulikaa ndani ya karatasi, na ukifunguliwa, mweupe pe. Mama yao aliunyanyua dirishani, akasifu mpaka tukasikia huku kwetu.

Akapata moyo, akazipeleka karatasi kwenye kiwanda cha mikate. Wakamwambia zikifaulu watampa kazi na chumba chake cha kupakia karatasi. Ila kuzijaribu walifungia mikate yao wenyewe, isiyotiwa kitu. Siku waliyomwita, mikate ilikuwa imeota ukungu wa kijani, sawasawa na ile iliyofungwa kwa karatasi tupu. Hawakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Nilikuwa jikoni kwao nimefuata sufuria yangu aliporudi. Hakuketi. Alimkazia macho mdogo wake.

"Mikate uliyokuwa unanipa, ulikuwa unatia nini?"

Mdogo mtu alijaribu kucheka. Mwisho akakiri kwamba aliitia dawa ya kuzuia ukungu, tangu ule wa kwanza.

"Ulikuwa umeanza kula, dada. Umeanza kuongea. Karatasi ingeshindwa mara ya kwanza, ungerudi kulekule."

"Ningeirekebisha," Mama Maganda akasema. "Ningezidisha unga, ningepaka mara mbili. Umeninyima hata kukosea."

Mimi damu ilinichemka kwa niaba yake. Huruma ya namna hiyo ni wizi, hata mwizi akiwa analia, na mdogo mtu alikuwa analia kweli.

Mama Maganda akamgeukia mama yao, aliyekuwa akifuta meza iliyokwisha kung'aa.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na zile sifa zote?"

"Nilikuwa nafurahi kukuona umesimama."

"Mimi nilidhani unaisifu kazi yangu," akasema, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.